Wateja Waliogeuza Uso

Wakristo wenzangu, Yesu asifiwe. Ndugu zetu Waislamu, salaam aleikum. Wengi mnanifahamu: mimi ni yule mama wa cherehani pale sokoni Kamembe, na kama ninyi nyote mliokaa hapa, nina sukari. Nesi wetu alipoomba nitoe ushuhuda nilimwambia, nesi wangu, ushuhuda ni wa aliyepona. Mimi sijapona. Akasema njoo hivyo hivyo. Basi mnaniona nasema huku nimeziba mdomo kwa kitenge. Mnivumilie kidogo.

Ilianza na damu. Asubuhi nikipiga mswaki, mate yanatoka mekundu. Maumivu hakuna. Ndugu zangu, nawaambia, kungeuma ningekimbia hospitali siku ile ile, maana mimi kwa maumivu ni mwoga kabisa. Lakini ufizi hauumi. Nikasema mswaki huu ni mgumu, nikanunua mwingine laini. Damu ile ile. Dada yangu wa Gashonga akanishauri, "Acha kugusa kidonda, kitapona chenyewe." Nikaacha kupiga mswaki kwenye meno ya mbele ya chini, nikawa nasukutua maji ya chumvi tu. Damu nikawa siioni sana, nikamshukuru Mungu. Kumbe ule uchafu niliouacha ndio uliokuwa unaganda pale, mgumu kama ukoko wa sufuria, unashuka chini ya ufizi.

Kisha ufizi ukavimba, ukarudi nyuma, meno yakaonekana marefu. Halafu yakaanza kucheza.

Sasa hapa sisi mafundi wa nguo tuna kosa letu, na sijui kama kuna wengine wanalo. Fundi hachukui mkasi kukata uzi. Anauma. Pini anazishika kwa meno, uzi anaukata kwa meno, toka anajifunza kazi mpaka anazeeka. Kwa hiyo kwenye mstari wetu wa cherehani, jino la fundi likilegea hakuna wa kuuliza sababu. "Ni uzi," wakaniambia. "Njo kazi yetu, maman. Jino ya fundi inazeekaka mbele ya fundi mwenyewe." Nami nikaona ni kweli, ndiyo kazi yetu, jino huzeeka kabla ya fundi. Nikafunga mkasi mdogo kwa kamba, nikauvaa shingoni, nikaacha kuuma uzi, nikangoja meno yakaze. Jamani, nilingoja mwaka mzima.

Katika mwaka huo wateja wangu walibadilika. Kumpima mtu kifua lazima usimame karibu, uso kwa uso. Mama akija nimpime, namwona anageuza shingo, anatazama barabarani kama anamtafuta mtu wa moto, wa kumbeba kwa pikipiki. Baadaye wakaacha hata kupimwa. Wakaja na magauni ya zamani: "Maman, fuata kipimo ya hii tu, niko na haraka." Hata wale wa Bukavu, wanaovuka mpaka kwa ajili ya mkono wangu, wakaleta nguo kuukuu. Kanisani, mtu akinikumbatia ananiachia upesi. Nikawaza labda nimerogwa. Nyumbani nilikuwa nakaa kimya, watoto wanadhani nimewakasirikia.

Na ninyi mnatujua watu wa huku. Jambo la aibu hatumwambii mtu usoni. Tunasogea pembeni, kwa heshima zote, tunamwacha afe na adabu zetu.

Aliyevunja adabu ni mmoja tu, jirani yangu wa cherehani. Alisimamisha mashine yake, akavuta kiti. "Maman, nitakuambia neno moja, ukitaka kukasirika, kasirika. Kinywa chako inanuka. Si leo, ni tangu zamani. Njo maana bantu banaleta manguo ya zamani." Nilimkasirikia sana. Nilikusanya vitambaa nikaondoka bila kumuaga, nikalia njia nzima. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema. Mimi nilikuwa nimekibeba mdomoni, na soko zima linajua isipokuwa mimi.

Kesho yake nilikwenda hospitali. Daktari wa meno, binti mdogo mwenye mikono laini, akaingiza chuma chembamba pembeni ya jino. "Ufizi mzima unakizuia," akasema. "Kwako kinazama." Usaha ukatoka. Nikamuuliza, daktari, si uzi? Akatikisa kichwa. "Uzi hauna kosa, maman. Ni ugonjwa wa ufizi, umekula mfupa unaoshika meno. Na sukari yako inausaidia. Sukari ikipanda, ufizi unaharibika haraka. Ufizi ukioza, sukari nayo inakataa kushuka."

Nikauliza, huo mfupa utarudi?

"Hapana. Uliokwenda umekwenda. Tutashika uliobaki."

Nimesikia mahubiri mengi maishani, lakini hakuna neno lililonikaa kama hilo.

Akanidunga ganzi, akakwangua ule ukoko chini ya ufizi, upande huu, na siku nyingine upande ule. Meno ya mbele ya chini hayakuwa na cha kushika, akayang'oa. Akanifundisha kupiga mswaki taratibu pale ufizi unapokutana na jino, asubuhi na usiku, hata damu ikitoka, na kusafisha katikati ya meno. Harufu imekwisha. Sukari imeshuka kidogo, nesi ni shahidi.

Lakini sitawadanganya. Nilipoanza kutibiwa nilidhani nitasimama mbele yenu na kicheko. Mara ya mwisho daktari aligusa jino la juu, likacheza, akaliandika kwenye kadi yangu. Asubuhi nikiamka nayapitia yaliyobaki kwa ulimi, moja moja, kama mtu anayehesabu kuku wake baada ya fisi kupita. Mahindi ya kuchoma nimeyaaga. Mama yangu alizeeka bila jino hata moja, sisi tukasema ndiyo ukoo wetu. Huenda haukuwa ukoo. Hakuna aliyemtazama.

Ninamshukuru daktari, na nesi aliyenileta hapa. Ninamshukuru zaidi jirani yangu, aliyekubali nimchukie. Na ninyi wenzangu wa sukari, damu kwenye mswaki si mswaki, na si kidonda cha kuachwa. Nendeni wakati jino bado limesimama. Na ukimsikia mwenzako ananuka kinywa, usisogee pembeni. Mvute kando, umwambie, akutukane.

Nilisema mnivumilie. Sasa naondoa kitenge. Tazameni hapa palipokuwa na meno, mjue mwisho wake. Ninawaomba kitu kimoja tu.

Msigeuze uso.