Watoto Wanne wa Fundi Zacarias

Padri wetu, ndugu waumini, na ninyi majirani zetu Waislamu mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi juani, mimi ni Celestino, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, ingawa kanisani mnanijua, benchi langu ni la nyuma.

Kaka yetu Zacarias Simão Nantumbo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 kijijini Diaca, wilaya ya Mocímboa da Praia, mtoto wa kwanza kati ya watano, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1977 hadi 1982, akaacha kwa sababu baba alifariki na shamba lilihitaji mikono. Mwaka 1986 alijifunza uashi kwa fundi mmoja wa Mocímboa, na hadi alipougua hakushika kazi nyingine, isipokuwa ukatekista, aliopewa 1998, na huo nao aliufanya kiashi, tukikosea sala aliturudisha mwanzo, kama alivyobomoa ukuta uliopinda.

Tarehe 12 Novemba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu Benvinda, wakajaliwa watoto wanne, wa tatu akiwa Felismina, aliyezaliwa 2003. Mwaka 2018 kaka alikuja hapa Quitunda, wakati zinajengwa nyumba za watu waliohamishwa kupisha mradi wa gesi, akasimamisha kuta za wenzake mwaka mzima, kisha akarudi Diaca kwa familia yake.

Juni 2020 kijiji kilivamiwa, watu wakakimbilia kwenye mihogo, kila mmoja upande wake, kaka akamwambia Felismina wakutane nyumbani mambo yakitulia. Yakatulia, nyumbani wakafika watu watano, na nyumba imeungua, Felismina hakufika. Wako waliosema walimwona akipelekwa msituni na wenye silaha, wako waliosema si yeye, na hadi leo hatujui zaidi ya hapo.

Walikwenda Palma, na Palma nayo ilipovamiwa, Machi 2021, wakaja hapa, wakafunga turubai uani kwa bwana Rachide, mmoja wa wale waliohamishwa, kwenye nyumba ambayo kuta zake alizijenga kaka mwenyewe. Miaka miwili fundi huyu hakuweka hata tofali moja la kwake, akihubiri kwamba tunasubiri Ufalme wa Mungu na kuta za dunia hazina maana, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwita mvivu mtakatifu. Kumbe alikuwa anaogopa, aliona akijenga hapa ni kama kukiri kwamba kule Diaca hakuna tena wa kukutana naye.

Aprili 2023 mvua iliwanyeshea ndani ya turubai, shemeji akamwambia, nami nikiwapo, "Kila siku unaomba ufalme uje, baba Justino, uje ukae wapi, na sisi hata mlango hatuna?" Siku ya nne kaka akaanza kufyatua matofali. Alijenga vyumba vitatu palepale uani, cha tatu kikawa cha Felismina, na mle hakuruhusu mtu aweke hata gunia la mahindi.

Januari 2024 alifika mama mmoja aliyekimbia kutoka pwani, Chamima, na wanawe wawili, wakajibanza barazani wamelowa, na kaka ndiye aliyekwenda kuwafungulia kile chumba. Shemeji alimwuliza kaka, Felismina akija atalala wapi, kaka akajibu atabanana na wenzake, Ufalme wa Mungu si chumba cha kumwekea mtu mmoja. Baada ya hapo, akihubiri habari za Ufalme, hata mimi nilisogea mbele benchi moja.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2025, akatibiwa hospitali ya Palma, akarudishwa nyumbani Agosti. Akiwa kitandani alitaka nimsomee karatasi hii, maana kaka hakukubali ukuta usimame bila yeye kuukagua, nikamsomea, na mahali pa watoto anaowaacha nilikuwa nimeandika watatu. Akaniambia futa. Nilimwuliza kama amepata habari zozote, akasema habari hana, lakini mtu anayeomba Ufalme uje asianze kupunguza watu. Nilifuta mbele yake, nikiwa na hasira, kwa sababu niliona anajidanganya, na leo sina hasira tena. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Palma, mafundi wenzake wanaofanya kazi Afungi kwenye mradi wa gesi, waliochanga jeneza, bwana Rachide kwa uwanja wake, vijana wa msikitini waliochimba kaburi pamoja na wetu, na bibi Chamima, ambaye tangu juzi hajatoka jikoni.

Marehemu ameacha mjane, Benvinda, na watoto wanne, ambao ni Justino, Ermelinda, Felismina na Paulino. Felismina, kama maneno haya yatakufikia popote ulipo, nyumba yenu sasa iko Quitunda, uliza kwa fundi Zacarias, mtu yeyote atakuonyesha, na usishtuke ukikuta watu chumbani kwako, baba yako ndiye aliyewakaribisha.

Kaka, kazi umeikabidhi, pumzika kwa amani.