Azimio la Tano Lifutwe

Sogezeni viti, wanangu, na wewe mama yao kaa hapa kitandani karibu na miguu yangu, kwa sababu sauti niliyo nayo asubuhi hii haitoshi kufika sebuleni na sipendi kurudia jambo mara mbili. Leo ni tarehe mosi Januari. Kwa miaka thelathini na minane mmenisikia tarehe hii nikisoma maazimio ya nyumba baada ya chai, nimesimama, miwani puani na karatasi mkononi. Leo nitayasema nimelala, sina karatasi, na ndiyo mara ya mwisho. Daktari ametaja wiki mbili. Mimi nimetazama uvimbe wa miguu yangu na idadi ya vijiko vya uji ninavyoweza kumeza, nikapata siku tano, na mnajua kwamba katika hesabu huwa sijipendelei.

Nimewaita kwa jambo moja. Figo zangu hazikufa kwa uzee wala kwa bahati mbaya. Niliziua mwenyewe kwa azimio nililoliandika kwa mkono wangu, na mmoja wenu, humu chumbani, ameanza kulifuata. Siondoki kabla hajaliacha. Mengine nitakayoyasema, ya nyumba na ya deni na ya ugomvi wa zamani, yanazunguka hapo hapo, kwa hiyo nivumilieni nikienda polepole.

Mnafahamu nilivyokuwa. Nilisomea takwimu chuo kikuu, nikafanya kazi miaka thelathini na minne katika ofisi iliyohesabu watu, mifugo na paa za mabati, na jioni nilipotoka ofisini sikuweza kuacha kuhesabu, kama vile wewe fundi cherehani, binti yangu wa kwanza, usivyoweza kuketi na mtu bila kumkagua mshono wa bega. Nilijua kwamba mtungi wetu wa gesi huisha siku ya thelathini na nane tukipika maharage yaliyo makavu, na siku ya arobaini na nne tukiyaloweka kwanza. Mkaniita Mizani, mkidhani sina habari. Nilikuwa nayo, na nilifurahi.

Yapo maazimio yaliyotufaa, na hayo nataka yaendelee. Chumvi iliondoka mezani ikarudi jikoni, na hakufa mtu. Mafuta ya kupikia yakapimwa kwa kijiko badala ya kumiminwa kwa macho. Baada ya chakula cha jioni tukawa tunatembea hadi kituo cha mafuta na kurudi, hatua elfu mbili na mia tatu kwa mwendo wangu, elfu tatu kwa mwendo wa mama yenu ambaye alisimama kusalimia kila mlango. Unga, mchele na dengu vikahamia kwenye makopo yenye majina, tukaacha kununua kitu ambacho tayari tunacho. Na mwaka ule tulipotoa stoo yote uani tulikuta mabakuli ya plastiki ishirini na nane na vifuniko arobaini na kimoja, na katika vyote hivyo ni tisa tu vilivyooana. Mama yenu akasema ndoa zimekuwa ngumu kila mahali. Mnacheka sasa. Siku ile mlinuna mpaka magharibi kwa sababu niliwafanya muoshe vyote.

Lakini mengi yalikufa kabla ya Februari, na ilinichukua muda mrefu mno kujua sababu. Niliyaandika peke yangu. Niliamua juu ya tumbo la kila mtu, usingizi wa kila mtu na mfuko wa kila mtu, kisha nikawasomea kama mkuu wa shule. Mwaka nilipotangaza kwamba mkate hautanunuliwa tena dukani bali utaokwa hapa nyumbani, mama yenu aliichukua karatasi, akaandika chini kwa kalamu nyekundu: Ataoka nani? Nilikunja karatasi nikaenda kununua mkate.

Baba yenu mdogo naye ni jeraha la namna hiyo hiyo. Mnajua hajakanyaga hapa kwa miaka kumi na mmoja, na mmekuwa mkidhani ni mambo ya urithi wa babu. Si urithi. Alikuja kututembelea mwezi wa kwanza, akaweka sukari kwenye chai yake, na mimi nikahesabu vijiko kwa sauti mbele ya wakwe zake. Viwili, vitatu, vinne. Aliinuka akaacha chai ikifuka moshi. Nilikuwa sahihi kuhusu sukari na nilikosea kuhusu ndugu yangu, na kwa kuwa nilikuwa sahihi kuhusu sukari sikuona sababu ya kuomba radhi. Binti yangu wa kwanza, leo hii, kabla ya jua kutua, mpigie simu. Mwambie kaka yake anamwomba msamaha kwa vijiko vile, na akija, mpeni chai na bakuli la sukari, kisha mtazame pembeni.

Sasa nifike kwenye azimio lenyewe. Mwaka niliostaafu kipato kilipungua kwa zaidi ya nusu, nikaketi na orodha ya vyote vinavyonunuliwa kila mwezi: unga, sabuni, gesi, umeme, dawa. Kosa liko hapo, wanangu, katika orodha, kabla hata sijakata chochote. Dawa yangu ya shinikizo la damu niliipanga safu moja na sabuni, kwa sababu zote mbili hununuliwa, hutumika na huisha, na mtu aliyezoea kupanga vitu kwa tabia zao za nje haoni tofauti yake. Sabuni nikaipunguza robo. Dawa nikaipunguza nusu. Azimio la tano lilisema kwamba matumizi ya dawa yatashuka kwa asilimia hamsini ifikapo Juni, nami nikalisoma kwa sauti hapo sebuleni, na mkapiga makofi, mkidhani baba ameazimia kuwa na afya njema kiasi cha kutohitaji dawa nyingi. Sikuwasahihisha.

Nikawa nameza leo, kesho naacha. Sikusikia maumivu. Ugonjwa ule haupigi hodi, na mimi nilichukua ukimya wake kuwa ushahidi kwamba nusu inatosha, kumbe shinikizo lilikuwa likizila figo. Na wewe mpishi, kitinda mimba wangu, uliyekuwa ukitoka kwenye sufuria za kantini umechoka, unakuja kunichemshia mboga bila chumvi na kula nami sahani moja ili nisijione mgonjwa, miaka sita nilikuwa nikiifuta kazi yako kila baada ya siku moja. Nisamehe. Usilie sasa, utanipotezea mpangilio.

Huyo anayelifuata azimio langu nitamtaja baada ya kugawa mali, ili mtu asije akasema nilimpa au nilimnyima kwa ajili ya hilo. Nyumba ni ya mama yenu maadamu yu hai; isiuzwe, na chumba kisipangishwe bila neno lake. Baada yake ni yenu watatu, sawa kwa sawa. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, fundi cherehani aweke mashine zake kuanzia mwezi huu, aache kulipa kodi ya kibanda kinachovuja. Jiko na bustani ya nyuma ni vya mpishi kuviendesha, na asiingiliwe. Fundi umeme, mwanangu wa kati, uchukue baiskeli yangu na uitumie. Kazi zako nyingi haziko mbali, na moyo wako unaihitaji kuliko pikipiki. Ninadaiwa na mtu mmoja tu, seremala wa kona ile, salio la rafu za stoo. Alipwe kesho, na asiombwe punguzo. Nilishamwomba mara tatu.

Nipe maji kidogo, mama. Kidogo tu. Inatosha.

Mwanangu wa kati. Inuka kwenye huo ukuta uliouegemea, uje hapa nikuone. Jana jioni mama yako aliniletea dawa kutoka rafu ya bafuni, gizani kwa kuwa taa ya huko haijatengenezwa na fundi umeme anayelala humu ndani wiki ya nne sasa, naye alidhani pakiti ni yangu. Ni dawa ile ile, lakini jina lililoandikwa ni lako. Imenunuliwa tarehe tatu Desemba, vidonge thelathini, kimoja kwa siku. Jana ilikuwa siku ya ishirini na tisa. Kilipaswa kubaki kimoja. Nilihesabu mara tatu juu ya shuka hili, vikawa kumi na tano. Mimi siwezi kudanganywa na kumi na tano, baba. Nimeishi nayo miaka sita. Jana umemeza, leo, kwa mpango wako, ni siku ya kuacha.

Sema. Usinitazame miguu, sema.

"Baba, nikimeza kila siku, Januari hii watoto hawarudi shule."

Asante kwa kuniambia kweli. Mnamsikia? Hajasema ni mvivu wala amesahau. Amepiga hesabu, tena kwa mapenzi, kama mimi, na amekosea mahali pale pale, kwa kuwa amemweka baba wa watoto katika orodha moja na matumizi ya watoto. Ukiondoka wewe, ada italipwa na nani mwaka kesho, na wa kesho kutwa? Nilichookoa kwa azimio la tano nilikiweka ndani ya bahasha, sikuwahi kukigusa. Kwa kila shilingi niliyookoa, hospitali imechukua arobaini na tatu. Bahasha hiyo anayo mama yako, na kwa bei ya leo inatosha dawa yako miezi thelathini na mmoja. Hutapewa mkononi. Ataipeleka mwenyewe duka la dawa, kwa sababu nakujua, utaona viatu vya watoto njiani.

Kuhusu ada, kaeni leo hapo mezani, wote, na muandike maazimio yenu. Kila mtu aandike lake, moja tu, linalomhusu yeye; asimwandikie mwenzake. Kisha mkate mnachoweza kukata. Televisheni mbili ndani ya nyumba moja za nini? Friji ya uani inapoza chupa tatu za maji. Vyuma vya stoo viuzwe. Kateni nguo, kateni safari, kateni sherehe, kateni hata mazishi yangu: sanda, kaburi, chai, watu waende nyumbani. Msikate kinachoingia mwilini kwa amri ya daktari. Hilo lisiwe kwenye orodha kabisa. Liwe juu yake.

Pumzi... Ngoja.

Chukua kidonge, mwanangu. Sasa, mbele yangu. Najua umeshiba chai, najua dada zako wanakutazama, na mtu mzima haoni raha kumezeshwa kama mtoto. Nilikuwa nikijificha bafuni ili nisimeze. Wewe meza hadharani.

Anasita. Mwambie, mama.

"Meza, baba," amesema mama yenu. "Mzee anakungoja, na leo hana muda wa kukubembeleza."

Fungua mdomo nione. Mizani hamwamini mtu.

Vema. Kimeshuka.

Nawabariki... binti yangu wa kwanza, mikono yako isichoke. Kitinda mimba, ule unachowapikia wengine. Mwanangu wa kati, uzeeke. Hiyo ndiyo dua yangu kwako, neno moja, uzeeke mpaka wajukuu wakuone msumbufu. Mama yenu... yeye nitamwambia tukiwa wenyewe wawili. Mungu asipungukiwe nanyi, wala nyinyi na Yeye.

Pakiti iwe juu ya meza ya kulia, mahali pa wazi. Ahesabu mama. Nisipokuwepo, ahesabu yeye, kwa sauti.

Leo kumi na nne. Kesho... kesho kumi na tatu.