Nyumba Niliyoandika Kuwa Ninayo

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ndiye yule wa kiti cha nyuma hapa kanisani, anayeuliza kama kila ushuhuda ni wa kweli. Leo niulizeni mimi.

Nilipomaliza chuo kikuu nilirudi hapa Kakamega, nikapata kazi ofisini na chumba cha udongo kule Shirere. Bendera yetu ilikuwa bado mpya, na serikali ilikuwa inajengea wafanyakazi nyumba nyuma ya soko: za mawe, sakafu ya simiti, bomba la maji ndani. Nilisema kwa sauti kwamba zitakuwa za wakubwa tu. Lakini kila jioni nilipita pale kuhesabu madirisha. Nilishachagua ya tatu kutoka barabarani. Msicheke. Nilijua hata nitaweka wapi meza yangu ya vitabu.

Fomu zikaja, nikajaza. Mwenzangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi niliyekua naye kijijini, naye akajaza. Orodha ilipobandikwa, jina lake lilikuwepo: nyumba ya tatu kutoka barabarani. Langu halikuwepo.

Nawaambia, wivu haukujitambulisha kwangu kwa jina lake. Ulikuja kama swali la msomi. Haki iko wapi? Mtu wa darasa la nane amenishindaje? Nikajiambia napigania wananchi, nikaiandikia ofisi ya nyumba barua bila jina: mwalimu huyu amedanganya, ana nyumba kwao. Nilijua kibanda alimokuwa akilala huko kilikuwa cha mtoto wa mjomba wake. Baba yake alikufa mapema, akalelewa na wajomba, na huko hakupewa hata mahali pa kusimamisha nguzo.

Wiki mbili baadaye akaniita kula kwake. Mama yake alikuwa akifungua bomba na kulifunga, akicheka peke yake. Nilimwonea wivu hata huyo mama. Kuku akaletwa. Mwenzangu akatoa firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Hii ni yako," nikasema.

"Kula, msomi. Wewe unaulizanga maswali hata firigisi?" Akacheka, kisha akasogeza sahani yake kando. "Kuna mtu ameandika kwamba nina nyumba kwetu. Jumatatu nimeitwa. Wakininyang'anya hii, nitampeleka mama wapi? Twende wote, ndugu yangu. Wewe unakujua kwetu."

Nikaila ile firigisi.

Jumatatu ofisa wa nyumba aliweka fomu zetu mbili mezani. "Bwana, umekuja kumtetea mwenzako, na wewe pia uliomba. Unajua kwa nini ulikosa?"

Akaonyesha kwa kidole mahali palipouliza kama mwombaji ana nyumba yake popote. Mwenzangu alikuwa ameandika: sina. Mimi nilikuwa nimeandika: ninayo.

Wanaume wa kwetu mtanielewa. Nilipotoka jandoni baba alinisaidia kujenga isimba, kile kibanda cha kijana, pale bomani kwake. Kuandika kwamba sina nyumba, baba akiwa hai, ni kumtukana. Mkono wangu ulikataa. Kumbe hakuna aliyeninyima kitu.

"Sasa tuje kwa hii barua," ofisa akasema.

"Ni ya uongo."

"Umejuaje?"

"Niliiandika mimi."

Mwenzangu alisimama. Alichukua kofia yake akatoka. Nyumba ilibaki yake. Mimi nilipewa onyo la maandishi kazini, na yeye hakunisalimia mpaka mvua zikaisha. Aliyenirudisha ni mama yake. Alinikuta sokoni nikijificha nyuma ya magunia ya mahindi.

"Toka huko, mtoto wangu," akasema. "Najua ulichofanya. Jumapili uje ule."

Namshukuru mama huyo. Namshukuru ofisa aliyenionyesha mwandiko wangu mwenyewe. Na mwenzangu, aliyeketi hapa na kunikataza nisimtaje, nakushukuru kwa kuniachia nafasi kwenye benchi. Somo langu ni dogo: kabla hujauliza nani amekuibia, soma kwanza ulichoandika kwa mkono wako.

Mtauliza kama wivu umekwisha. Haujaisha, na sitawadanganya mbele ya madhabahu. Bado nakaa Shirere, na jioni nikipita pale bado nahesabu madirisha. Ila nikifika nyumba ya tatu, napiga hodi.