Msumari wa Ianeta

Sajini Mstaafu Ianeta Maugalei Asuega alizaliwa kijijini Vatia, kisiwani Tutuila, Samoa ya Marekani, tarehe 9 Juni 1968, binti mkubwa wa Mzee Maugalei na Mama Fa'apusa. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha jodari Pago Pago kwa miaka thelathini na moja. Kila jioni alinawa kwa ndimu kabla ya sala, na harufu haikutoka. "Mikono yangu inanuka samaki," aliwaambia wanawe. "Yenu inuke karatasi."

Ianeta alisoma shule ya msingi hapa Vatia, akamaliza sekondari Juni 1986. Ukuta wa sebule yao ulikuwa mtupu wakati majirani walikuwa na picha za wahitimu waliovishwa mashada ya maua na peremende hadi masikioni. Alikuwa na akili ya chuo, ila njia ya kufika huko hakuwa nayo. Jeshi la Marekani lilikuwa likisomesha askari wake, hata wa vyeo vya chini, basi tarehe 17 Agosti 1987 akajiandikisha. Asubuhi ya safari, baba yake alipigilia msumari katikati ya ukuta ule. Aliyetaka kutundika kofia aliambiwa, "Huo una mwenyewe."

Jeshini alikuwa mpishi, kwanza Texas, kisha Ujerumani, Korea, na mwisho Hawaii. Alilisha watu mia nne kwa mlo mmoja, na jioni, vidole vingali vikinuka vitunguu, aliingia darasani kambini. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa katika kanisa hili na Filipo Asuega wa Leone, dereva wa malori ya jeshi. Mungu akawajalia Masina na Elekana. Nyumbani alipika Filipo. "Mke wangu analisha watu mia nne hawasemi neno," alizoea kusema. "Mimi namlisha mmoja, na huyo mmoja ndiye anayelalamika."

Kila alipohamishwa, alijiandikisha katika chuo chochote chenye madarasa kambini na kusoma lolote lililokuwapo. Aliamini kwamba masomo hujikusanya yenyewe, kama mikeka mizuri inavyoongezeka katika nyumba ya ukoo. Barua zake zilisema yu karibu kumaliza, na Mzee Maugalei alikitangazia kijiji hivyo kila Krismasi. Aliahidi kwamba mwaka 2002, baba atakapotimiza miaka sabini na mitano, msumari utapata mzigo wake.

Machi 2001, huko Hawaii, mshauri wa elimu wa kambi alitandaza mezani karatasi za vyuo vinne, akazisoma kwa muda mrefu.

"Sajini, hii Saikolojia ya mwanzo umeisoma mara tatu."

"Majina yalikuwa tofauti."

"Majina, ndiyo. Somo ni lilelile."

"Nilijua tu," Ianeta akasema. "Ile ya Korea ilikuwa rahisi mno."

Alicheka mbele ya mshauri, kisha akaketi garini muda mrefu bila kuwasha injini. Miaka kumi na minne ilikuwa imempa nusu ya shahada. Jikoni kwake kulikuwa na simu, na upande wa pili wa bahari kulikuwa na mzee aliyekwisha kualika watu. Akapiga.

"Baba, bado sana. Nimerudia somo."

"Umefeli?"

"Hapana. Nimefaulu mara tatu."

"Basi hilo la tatu," Mzee akasema, "waambie wampe Tavita."

Tavita, mdogo wake, ndiye anayewasomea maneno haya.

Tangu siku ile Ianeta hakuingia darasa lolote bila kwanza kuuliza litahesabiwa wapi. Alikaa na chuo kimoja. Mafunzo yake ya jikoni yalipimwa na sehemu ikakubaliwa kuwa masomo. Iliyobaki aliisoma somo moja moja, hata alipopelekwa Kuwait. Tarehe 20 Mei 2006 alipata shahada ya elimu ya lishe. Alipoleta cheti Vatia, macho ya baba yake yalikuwa yamefifia. Mzee alikipapasa kioo cha fremu kwa mikono miwili, polepole, kona hadi kona. "Kioo kinene," akasema. "Hiki chuo kizuri." Kisha akataka aongozwe mkono hadi kwenye msumari.

Ianeta alistaafu mwaka 2009, akarudi nyumbani. Meza yake ya kulia chakula ikawa ofisi ya askari vijana wa kisiwa kizima. Walikuja na karatasi, wakaondoka na mpango na sahani ya majimbi kwa tui. Aliyeshindikana alikuwa Tavita, askari wa akiba. "Dada, kichwa changu ni cha kubeba majimbi," alisema. Ianeta alipigilia msumari wa pili kando ya ule wa kwanza. Tavita akajiandikisha chuoni akiwa na miaka arobaini na minne.

Mwaka 2020 figo za Ianeta zilishindwa. Mara tatu kwa wiki alisafishwa damu hospitalini, kwa muda wa saa nne kila mara, na saa hizo alimsomesha mdogo wake, kitabu kikiwa juu ya blanketi. Tarehe 16 Februari mwaka huu Tavita alimletea matokeo ya somo la mwisho, Saikolojia aliyokuwa akiikwepa miaka yote.

"Umelisoma mara ngapi?"

"Mara moja, dada."

"Mara moja tu?"

"Mara moja tu."

"Basi umenishinda," akasema, akafumba macho akitabasamu.

Alifariki tarehe 3 Machi 2024, Filipo akiwa amemshika mkono. Aliagiza cheti chake kisizikwe naye, kwa kuwa ukuta bado unakihitaji.

Ameacha mume, Filipo, watoto, Masina na Elekana, wajukuu watatu, mama yake, Fa'apusa, na mdogo wake, Tavita, ambaye cheti chake kitafika Juni. Tunamlaza mbele ya nyumba, kando ya baba yake, hatua chache kutoka misumari ile miwili.

Amani ya Mungu impumzishe. Masomo yake yote yamehesabiwa.