Faili la Duka Safi

Enzi hizo kabla ya daraja, feri ya Kilifi ilikuwa katikati ya maji. Mbele yangu, mama aliyejitaja kuwa Bi Mahfudha wa Mambrui alikuwa akimweleza mzee asiyemjua jinsi mjukuu wake alivyougua kwa maziwa ya unga yaliyoingiwa na panya katika duka moja la kwao.

"Nimeliona faili la duka lile kwa bwana afya," alisema. "Miaka mitatu limeandikwa safi."

Mzee akainama. "Niliyeandika ni mimi, bibi. Kila nikija kukagua nilikuwa naishia barazani, nikipewa kahawa."

Nilijifanya natazama maji.

"Basi twende hospitali ukamwambie mamake mtoto."

"Nimeshastaafu, bibi."

"Mtoto yuko kwenye dripu, na duka lingali wazi."

Feri ikagusa ng'ambo. Mzee akainuka ashuke, na Bi Mahfudha ameishika kanzu yake, haachii.