Shokapu Nne za Baba Pacha

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi, umeegemea ukuta wa kinyozi tunayemwita Profesa. Asubuhi ile Profesa hakuwa na kichwa cha kunyoa, kwa hiyo alikuwa nasi. Pembeni yake alikaa Gia Kubwa, dereva wa malori aliyestaafu, ingawa mdomo wake bado uko barabarani. Mimi ni fundi simu, nakaa mwishoni. Baba Pacha, seremala, akaja kutoka gereji amenyong'onyea, akaegesha mbele yetu gari lake la familia, lile la viti saba lenye mlango wa kusukuma. Muuza kahawa akammiminia kikombe kabla hajaomba.

— Fundi kasemaje? akauliza Gia Kubwa.

— Shokapu zote nne zimekufa. Za nyuma zinavuja. Za mbele ndiyo balaa, lazima zibadilishwe pamoja na springi zake.

— Bei?

— Vitanda viwili na kabati la milango mitatu. Nivitengeneze, nivipige vanishi, halafu nivigawe bure.

Tukaguna wote.

— Amekupima vipi huyo fundi? akauliza Profesa.

— Ameegemea boneti, akaliachia. Gari likadunda mara nne badala ya kutulia mara moja.

— Fundi yupi, yule mwenye kitambi? akadakia Gia Kubwa. Yule akiegemea hata jiwe litabonyea! Hapo umepimiwa tumbo, si gari.

Tulicheka. Baba Pacha naye akacheka, lakini kwa nusu mdomo.

— Badilisha moja leo, nyingine mwakani, nikamshauri. Haba na haba hujaza kibaba.

— Fundi amekataa. Anasema zinakwenda mbili mbili, la sivyo gari litatembea upande kama kaa.

— Mimi lori langu nilikuwa napakia mchanga, akasema Gia Kubwa. Weka magunia matatu nyuma, litatulia lenyewe. Tena ukiliacha tu litachoka kuruka. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

— Sasa hiyo methali inahusu nini hapa? akauliza Baba Pacha.

— Inahusu kelele. Gari lako si linapiga kelele?

Profesa akasimama. Akisimama, ujue elimu inakuja.

— Nyie mnatazama shokapu, hamtazami barabara. Matuta yanaota kila mwezi, nani anayaotesha? Wauza spea! Na mimi nakwambia, usibadilishe kitu. Gari linalorukaruka linakula mafuta kidogo, maana nusu ya safari liko hewani.

Muuza kahawa akaweka birika chini ili acheke vizuri. Baba Pacha akajipangusa macho.

— Lakini ndugu, usipoziba ufa utajenga ukuta, nikasema.

— Huyu ni seremala, akanijibu Gia Kubwa. Ukuta haumhusu.

— Na mama yako anaendeleaje? akauliza muuza kahawa.

Sote tulijua habari ya mama. Alianguka bafuni, akavunjika nyonga, na gari lile ndilo lililokuwa likimpeleka kliniki. Viti vya katikati vinakunjwa, yeye anakaa nyuma kabisa ili aunyooshe mguu.

— Anasema amepona, akajibu Baba Pacha. Siku hizi kliniki hataki hata kuisikia. "Usihangaike na gari, mwanangu, mimi mzima." Ndiyo maana nimeamua, shokapu zitangoja mwaka ujao.

— Alhamdulillahi, akasema Profesa. Umeponea hapo.

Wakati huo dada yake Baba Pacha alikuwa anavuka barabara. Ni mkubwa wake, na alikuwa amefika jana kutoka mbali kumwona mama. Tukamwamkia. Akaitikia, lakini hakukaa. Akalitazama gari, kisha akatutazama sisi.

— Nimewasikia tangu pale dukani, shokapu, shokapu. Hebu niambieni kitu kimoja. Kati yenu, nani amewahi kukaa kiti cha nyuma cha hili gari?

Profesa akamtazama Gia Kubwa. Gia Kubwa akatazama kikombe. Hata Baba Pacha, mwenye gari, hakuwahi, kwa kuwa yeye siku zote yuko kwenye usukani.

— Mimi nimekaa jana, na mama aliyeng'ang'ania kuja kunipokea, wakati unatutoa stendi. Ona.

Akanyoosha mkono. Juu ya kifundo palikuwa na alama za kucha, nyekundu bado.

— Kila shimo alikuwa ananishika hivi. Hakutoa sauti, usije ukasikia. Mama hajapona, mdogo wangu. Anaogopa njia.

Baba Pacha akaweka kikombe chini, kahawa imejaa vilevile.

— Kumbe mimi ndiye ninayemwumiza, akasema polepole.

— Hukujua, akamjibu dada yake. Sasa umejua. Twende.

Kitanda cha ghorofa alichokuwa akiwatengenezea pacha wake kiliuzwa kabla vanishi haijakauka, kikachangia shokapu. Watoto wakaendelea kulala chini, godoro moja, na nasikia hawakununa sana. Gia Kubwa, bila kutuaga, alikwenda kushinda gereji siku nzima akimsimamia yule fundi wa kitambi asije akafunga kitu kilichotumika.

Baada ya kliniki iliyofuata Baba Pacha alipita kijiweni. Hakukaa, alisimama ameshika funguo.

— Vipi, mama kalalamika? akauliza Profesa, safari hii bila elimu.

— Alilala.

— Alilala wapi?

— Ndani ya gari. Nilisikia mtu anakoroma huko nyuma, nikatazama kwenye kioo, ni yeye, mdomo wazi. Tukafika kliniki.

— Ukamwamsha?

— Nilishindwa. Nilipitiliza, nikazunguka mtaa mzima, ndipo nikarudi.