Majina Tisa Aliyowahi Kuyataja Sylvestre wa Kimanga

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ni mimi Candide. Leo hatufungui kwa muziki. Familia imeomba hivyo, na mimi mwenyewe nisingejua niweke wimbo gani.

Tunamkumbuka Sylvestre, fundi wa matofali wa mtaa wa Kimanga, hapa Uvira. Sylvestre, baba yake Noella. Aliuawa Jumanne, mchana kweupe, mbele ya watu wengi. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Nasema mapema ili tusizungushane: waliomuua ni majirani zake. Wengine wenu mlikuwepo, na najua mnanisikiliza sasa hivi. Msizime redio.

Sylvestre alizaliwa bondeni Ruzizi, katika kijiji kidogo upande wa Kiringye. Kwao walilima muhogo na mahindi. Yeye jembe lilimchosha mapema, akaanza kufyatua matofali. Alikuwa fundi mwenye maringo. Aligonganisha matofali mawili, akatega sikio, na kama mlio haukumridhisha aliyavunja yote mawili hata mnunuzi akimsihi amuuzie. Wateja walimwona ana kichwa kigumu. Lakini walirudi kwake.

Miaka ishirini na tano iliyopita, siku ya soko, saa tisa alasiri, watu wenye bunduki na mapanga waliingia kijijini kupitia mashamba ya muhogo. Sylvestre alikuwa amepanga tanuru la matofali, bado hajaliwasha. Aliingia kwenye tundu la chini, lile la kutilia kuni, akajisukuma mpaka mwisho. Kutoka mle aliona uwanja wa nyumbani kwao, lakini aliuona kwa chini tu. Aliona miguu. Aliona mabuti na malapa yakikimbia huku na kule. Halafu watu wakaanza kuanguka, na hapo ndipo alipoona nyuso, kwa sababu kila aliyeangushwa uso wake ulifika chini, mbele ya macho yake.

Aliona nyuso kumi na moja. Mmoja alikuwa Aimé, mdogo wake. Aimé alikatwa shingoni mara mbili, akabaki amefumbua macho kuelekea tanuru. Sylvestre aliuma mkono wake mwenyewe asije akalia. Aliuma mpaka meno yakafika kwenye mfupa. Kovu lile alikuwa nalo hadi siku ya kufa kwake, nanyi mliofanya naye kazi mmeliona.

Watu kumi na mmoja, wasikilizaji. Shikeni hesabu hiyo.

Akaja Uvira kwa miguu. Akafikia Kimanga, akapata kiwanja cha kufyatulia matofali karibu na mto. Akamwoa Félicité, binti kutoka Kalundu, mtoto wa wavuvi. Félicité ananiambia kwamba mume wake alikaa miaka yote hii kando ya ziwa na hakuwahi kulitia hata mguu. "Alikuwaka anasema maji iko mingi sana, haina mwisho," anasema Félicité, na hapo alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu nifike nyumbani kwake. "Tulimucheka, lakini hakujali."

Ni Félicité aliyegundua kwanza. Siku moja alimpelekea chakula kiwanjani, akamkuta amechutama mbele ya matofali mabichi, ameshika waya wa gurudumu la baiskeli, anachora. Juu ya kila tofali kulikuwa na mtu mmoja. Uso mzima, na kile alichokuwa nacho mkononi siku ile: huyu ana jembe, yule ana beseni, yule ana kibiriti. Walikuwa watu kumi na mmoja, kila mmoja na tofali lake.

Félicité alimwuliza, "Papa Noella, hawa ni banani?"

"Ni bantu ba kwetu."

"Sasa uko unabaficha juu ya nini? Ubaweke inje, bantu babaone."

"Nani atakubali kulala mu nyumba yenye iko na maiti mu ukuta? Kazi itakufa. Acha, Mama Noella."

Basi kila nyumba aliyoijenga, Sylvestre aliweka matofali yale kumi na moja katika mstari mmoja, chini ya dirisha. Michoro aliilaza juu, kisha akaifunika kwa udongo wa kushikizia mstari unaofuata. Nyumba ikakamilika, mwenye nyumba akashukuru, na hakuna aliyejua. Félicité anakadiria ni nyumba kama arobaini. Kama umejengewa na Sylvestre, wale watu unaishi nao.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo mtu huyu alipokuwa akinichanganya. Yeye huyo huyo aliyefunika kazi yake kwa udongo, kila Jumapili baada ya ibada aliwagawia watoto wa mtaa matofali mabichi wachore. Walichora viboko, pikipiki, mapadri wenye vichwa vikubwa, na matofali yao yote aliyapanga kando ya barabara. "Usifiche, mutoto," alikuwa akiwaambia. "Weka pale, bantu bapite babaone. Ukificha, nani atajua uko na akili?" Wapita njia walisimama, wakacheka, wakaulizana huyu ni mtoto wa nani. Watu waliokuwa hawasalimiani walijikuta wanazungumza juu ya kiboko kisicho na masikio.

Noella, binti yake, ana miaka ishirini na miwili. Alipokuwa mdogo alichora mamba amevaa tai. Baba yake alilibeba tofali lile kichwani, akazunguka nalo Kimanga nzima, nyumba kwa nyumba. "Niliona haya, nikataka kulia," Noella ananiambia. "Lakini kesho yake batoto wote bakataka kuwa barafiki yangu."

Na mimi nina la kusema. Miaka minne iliyopita Sylvestre alikuja hapa redioni. Alikuwa amevaa shati la kwenda kanisani. Chini ya kwapa alikuwa na kitu amekifunga kwenye kikwembe, kipande cha kitenge. Akasema, "Dada Candide, minye niko na kitu nataka bantu bajue." Akafungua. Lilikuwa tofali, na juu yake mwanamke amebeba beseni. Nikamwambia, "Mzee, redio haionyeshi picha." Wenzangu wakacheka. Yeye naye akacheka, akalifunga tofali lake vizuri, akaaga, akaondoka.

Sikumwuliza mwanamke yule alikuwa nani. Alikuja kusema, mimi nikamjibu habari za kuona. Sijui nilikuwa na haraka ya kwenda wapi siku ile. Naona aibu, na aibu hiyo nitaendelea nayo.

Jumatatu iliyopita mapigano yaliingia Kimanga. Mnajua, sote tulilala chini. Saa nne asubuhi bomu liliangukia nyumba ya Mama Olive, nyumba iliyojengwa na Sylvestre. Thierry, mwana wa pekee wa Mama Olive, miaka kumi na tisa, alikuwa ndani. Bomu lilimkata mguu juu ya goti. Mama yake alimfunga kwa kitenge alichovaa. Kitenge kikalowa chote, akavuta shuka, nayo ikalowa. Aliita watu, lakini risasi zilikuwa bado zinapita na hakuna aliyethubutu kutoka. Thierry alikata roho mapajani mwa mama yake.

Jumanne bunduki zilinyamaza, watu wakaja matangani. Viti havikutosha. Mnajua tunavyofanya viti visipotosha: watu waliokota matofali ya ukuta ulioanguka ili wapate pa kukalia. Mwanaume mmoja alishika tofali, akaligeuza atafute upande ulio sawa. Udongo ukabanduka. Akakuta uso unamtazama.

Akapiga ukelele, wengine wakaanza kugeuza. Wakapata wa pili, wa tano, wa tisa. Wakapata kumi na moja. Nyuso za watu, na wengine shingo zao zilikuwa zimechorwa zimekatwa, kwa sababu Sylvestre alichora alichokiona.

Wasikilizaji, jiwekeni mahali pa Mama Olive. Mtoto wako amelala ndani amefunikwa shuka. Nje wanakuonyesha maiti kumi na moja waliofichwa chini ya dirisha la chumba alichokuwa akilala. Mmoja akasema ni uchawi. Mwingine akasema maiti hao ndio walioita bomu. Mwingine akasema fundi aliwauza watu ili matofali yake yasipasuke. Kufumba na kufumbua maneno yamekuwa ushahidi. Wakapakia matofali kwenye toroli, wakashika fimbo na mawe, wakaenda. Mama Olive alitangulia.

Walimkuta kiwanjani, mikono imejaa udongo mpaka viwiko. Noella alikuwa naye. Wakamwangusha kwa fimbo ya magoti. Wakamwaga matofali mbele yake. Kijana mmoja alikuwa ameshakuja na tairi. Mama Olive alimshika ukosi, akamwuliza, "Hawa bantu ulibaua wapi? Na mutoto wangu ulimuuza kwa nani?"

Noella anasema baba yake hakujitetea hata kidogo. Alifuta udongo kwenye tofali la kwanza kwa kiganja chake. "Huyu ni Aimé," akasema. "Mudogo wangu. Alikuwa anatoka shamba, jembe yake ni ile." Akafuta la pili. "Huyu ni mama yangu mudogo. Alikuwa anaenda kuloweka muhogo." Akafuta la tatu, akataja jina. La nne, akataja. Alisema kijiji, alisema siku, alionyesha kovu la meno mkononi. "Minye nilikuwa mu tanuru. Nilibaona. Sikutoka kubasaidia. Nikaona, kama nabaweka mu nyumba, hata batakosa kaburi, batakuwa na pa kulala."

Noella aliona mikono ya wale wa mbele ikishuka. Aliona mtu akiweka jiwe chini polepole. Alipotaja jina la saba, mama mmoja, Ninahazwe, muuza mkaa, alipiga magoti, kwa sababu jina lile lilikuwa la baba yake. Robo karne alikuwa hajui baba yake alifia wapi. Mama Olive aliachia ukosi.

Jina la nane, na la tisa.

Lakini Sylvestre alikuwa na sauti ndogo, ninyi mnamjua, na siku ile ilikuwa ndogo zaidi. Wale wa mbele walisikia. Wale wa nyuma hawakusikia kitu. Wao waliona tu mtu amepiga magoti na umati umetulia, wakadhani watu wameingiwa na woga wa mchawi. Tofali zima lilitoka nyuma, likampiga Sylvestre kisogoni. Likaja la pili. Wa nyuma wakasukuma, wakaingia na fimbo. Wa mbele wakapiga kelele waache, na kelele zao zikasikika kama za kuhimiza. Noella alimlalia baba yake, wakampiga na yeye, wakamvunja mkono. Mama Olive naye alijitupa juu yao wote wawili, akavunjwa meno mawili.

Walipoacha, Sylvestre alikuwa bado anahema. Wale wa mbele walimweka kwenye pikipiki kati ya dereva na Noella, apelekwe hospitali. Alikufa njiani. Noella alijua kwa sababu kichwa cha baba yake kiliacha kujishikilia. Mpaka leo hakuna mtu aliyejitokeza kusema, tofali lile nililirusha mimi.

Nilimwuliza Félicité ana ujumbe gani. "Minye nilimwambia abatoe inje," alisema. "Angebatoa mapema, bantu bangemuuliza pole pole, bakichota maji, bakipita. Angejibu kila siku kidogo. Sasa alijibu yote siku moja, kwa bantu beko na mawe."

Ninyi mnaoandika mashairi kwenye madaftari na kuyaficha chini ya godoro. Ninyi mnaotunga nyimbo na kuziimba bafuni tu. Mama unayedarizi vitambaa na kuvifungia kwenye sanduku. Toeni. Mwonyeshe jirani, hata mmoja. Kazi yako ieleze mwenyewe ukiwa hai, na nguvu ya kujibu unayo. Na wewe unayeonyeshwa, uliza. Uliza huyu ni nani. Ni swali dogo, halikuchukui hata dakika moja.

Pole nyingi kwako Félicité, na kwako Noella, Mungu auponye mkono wako. Pole kwa Ninahazwe. Na pole kwako Mama Olive. Nimeambiwa kila asubuhi unakwenda kwa Félicité kumchotea maji, na yeye anayapokea. Thierry apumzike. Sylvestre apumzike.

Tumebaki na jambo moja. Walikuwa watu kumi na mmoja, na Sylvestre aliwahi kutaja tisa. Félicité hakuwajua watu wa kule, na Noella hakuambiwa. Kwa hiyo matofali mawili hayana majina, na nimeyaweka hapa mezani, mbele ya kipaza sauti. La kwanza: mwanamke mzee, ana ungo mkononi, jino la mbele halipo, sikio la kushoto lina pete. La pili: mwanaume mrefu, amevaa kofia ya sufu, amemshika kuku kwa miguu, na yule kuku bado yuko hai. Ilikuwa siku ya soko, huenda walitoka kijiji kingine. Wewe uliye Mutarule, wewe uliye Kiringye, wewe uliyevuka ukaenda mbali, kama kwenu kuna mtu aliyekwenda sokoni na kuku asirudi, njoo umtaje.